Usifunike Kelele kwa Muziki, Tafuta Tundu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni watoto wakiisha lala, leo sitazungumza juu ya malaria wala juu ya kofia ya kazi. Nataka tuzungumze juu ya upepo unaolia ndani ya gari.

Najua wengine watacheka. Watasema: "Sisi wa Butembo na Beni tuna shida ya mashimo na vumbi, na huyu muuguzi anatuletea shida ya upepo!" Ni kweli. Kati ya Butembo na Beni ni kilomita 54 tu, lakini siku ya mvua, kwenye vipande vya udongo, shofere anayepita Maboya na Kabasha anamshukuru Mungu akifikisha kilomita 40 kwa saa. Kwa mwendo huo upepo hausikiki. Utasikia mawe chini ya gari, na abiria wakilalamika.

Lakini magari yetu hayabaki hapa tu. Yanatoka Beni, yanashuka kilomita 80 mpaka Kasindi, yanavuka mpaka Mpondwe, na upande wa Uganda yanakuta lami mpaka Kasese na mbele mpaka Kampala. Hata kwetu, kazi ya kutia lami barabara ya Kasindi–Beni na ile ya Beni–Butembo ilizinduliwa mwaka 2021 na marais wa nchi hizi mbili. Lami huleta mwendo, na mwendo huleta upepo. Basi tujifunze mapema.

Nitawaambia jinsi jambo hili lilivyonifundisha mimi mwenyewe.

Siku moja nilimsindikiza mfanyakazi mwenzetu, mgonjwa wa moyo, aliyeandikiwa uchunguzi Kampala. Nilipaswa kumpima presha kila nusu saa. Mpaka Kasindi tulikwenda polepole, nikapima vizuri kila tuliposimama. Tulipovuka mpaka na kuingia kwenye lami, shofere akafikisha kilomita 80, na hapo gari likaanza kupiga mluzi. Ulikuwa mluzi mwembamba, mkali, usiokatika. Nikavaa vyombo vyangu vya kusikilizia, nikajaza hewa kwenye kitambaa cha mkono, nikaanza kuiachia polepole. Sikusikia kitu. Mapigo ya damu yalimezwa na mluzi ule. Nikajaribu tena, nikashindwa.

Nikamwambia shofere: "Mzee, gari linalia." Naye akanijibu kwa upole: "Dokta, hiyo ni upepo tu. Ngoja nitie muziki."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Tunafunika kelele kwa kelele nyingine, halafu tunasema shida imekwisha. Ni kama mtu mwenye homa anayemeza vidonge vya kupunguza maumivu bila kupimwa damu. Homa inapungua, ugonjwa unabaki. Ilitubidi kusimama pembeni ya barabara mara tatu ili nimpime mgonjwa. Alifika salama, namshukuru Mungu. Lakini kama hali yake ingebadilika katikati ya safari, nisingeisikia.

Kwa nini gari linyamaze mjini na lilie barabarani? Sababu si uchawi. Mwendo ukitoka kilomita 40 ukafika 80, nguvu ya upepo inayolisukuma gari inakuwa mara nne. Kelele nayo inaweza kupanda kwa desibeli 15 hata 18, na sikio la binadamu huona kila desibeli 10 kama kelele imekuwa mara mbili. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hewa inayopita kwa kasi ubavuni mwa gari huuvuta mlango kwenda nje, hasa ile sehemu ya juu inayoshika kioo. Mpira wa mlango uliochoka unaachana na chuma kidogo tu, unene wa karatasi, na hewa inapenya kwa mluzi. Gari likisimama, mlango unarudi mahali pake. Ndiyo maana unalipeleka kwa fundi, analizunguka, anafungua na kufunga, anakuambia: "Sioni kitu." Fundi hasemi uongo. Gari limepona mbele ya mganga, kama watoto wanavyofanya.

Basi tufanye nini? Tufanye kama tulivyofundishwa na Ebola. Kuanzia mwaka 2018 mpaka 2020, hapa Beni na Butembo, ugonjwa ule haukufuatwa kwa kubahatisha. Kila aliyemgusa mgonjwa aliandikwa na kufuatwa siku 21, mmoja mmoja, mpaka atoke kwenye orodha. Tundu la upepo nalo linatafutwa hivyohivyo: sehemu moja moja, ukiisha iondoa moja kwenye orodha, unakwenda kwenye nyingine.

Kwanza, uliza maswali. Kelele ilianza lini? Je, baada ya kioo cha mbele kubadilishwa, au baada ya mlango kugongwa na kunyooshwa? Magari mengi yanatufikia yakiwa yametumika miaka mingi kwingine, na hatujui mlango upi umewahi kufunguliwa na kupakwa rangi upya. Kelele inaanza kwa mwendo gani? Mluzi mwembamba mara nyingi ni tundu dogo. Mngurumo mnene ni nafasi kubwa, au kitu kilichosimama nje: kioo cha pembeni, antena, vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa. Na kabla ya yote, hakikisha vioo vyote vimepanda mpaka juu. Dirisha moja la nyuma likiachwa wazi peke yake, gari zima linaweza kupiga kama ngoma.

Pili, chunguza gari likiwa limesimama. Chukua kipande cha karatasi, kifungie mlangoni, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira hapo haubani. Zunguka hivyo mlango mzima. Usiku, mtoto akae ndani na tochi, akiipitisha polepole kwenye ukingo wa mlango, na wewe uko nje. Panapotoka mwanga, upepo nao una njia. Unaweza pia kupaka mpira unga wa chaki, ufunge mlango, ufungue. Alama ya chaki kwenye chuma ikikatika, ujue mpira haufiki pale.

Tatu, jaribu barabarani ukiwa na utepe wa gundi wa karatasi, ule wanaoutumia wapaka rangi wa magari. Ziba kwa nje mistari yote ya milango na ukingo wa kioo cha mbele, ukiacha mlango mmoja wa kuingilia, ambao utauziba mwenzako akiisha ingia nao uwe unafunguka kwa urahisi. Nenda kwa mwendo uleule. Kelele ikibaki vilevile, haitoki milangoni, angalia vitu vya nje. Ikinyamaza, simama, bandua utepe sehemu moja, nenda tena. Siku utakapobandua sehemu fulani na mluzi ukarudi, umemkamata mwizi. Bandua utepe wote siku hiyohiyo, usije ukaondoka na rangi.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kazi hii ni ya watu wawili. Shofere anaendesha na kutazama mbele, mwingine anasikiliza. Shofere asigeuze kichwa kutafuta mluzi. Msikilizaji anaweza kutumia kipande cha bomba laini la mpira, ncha moja karibu na sikio, nyingine akiipitisha kwenye ukingo wa mlango kwa ndani. Asitoe kichwa wala mkono nje. Usijaribu penye watu wengi, wala usipakie watoto siku hiyo.

Sisi tulifanya hivyo wakati wa kurudi, tukiisha mwacha mgonjwa mikononi mwa madaktari. Tulikuwa na gari tupu na lami kutoka Kasese mpaka Mpondwe. Tukaziba, tukaenda, tukabandua. Kioo cha pembeni hakikuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa pembe ya juu ya mlango wa abiria. Mpira wake ulikuwa umekauka, na chuma chake kimepinda kidogo kwa sababu sisi wenyewe tulizoea kukishika tunapopanda. Tulipoziba pembe ile, mluzi ukafa.

Lakini mluzi ulipokufa, tukasikia sauti nyingine, nzito, iliyokuwa imefichwa. Ilitoka mlango wa nyuma, mlango ambao machela inaingilia. Ugonjwa mmoja huficha mwingine. Tuliposimama na kuangalia, tukakuta mpira wa chini umekatika, sehemu ya urefu wa kidole haipo kabisa. Na bomba la moshi linatokea chini ya palepale.

Ndugu zangu, hapo mchezo uliisha. Mluzi ni usumbufu, lakini tundu la nyuma ni hatari. Gari likienda, nyuma yake hewa inabaki na nguvu ndogo, na moshi wake mwenyewe unaweza kuvutwa na kuingia ndani. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaichukua damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, naye anafikiri ni uchovu wa safari. Mara nyingi nilikuwa nikifika na kichwa kinaniuma na kusema ni barabara. Sisemi ilikuwa moshi, maana sikupimwa. Nasema sikuwahi kujiuliza. Kwa mgonjwa wa moyo, aliyelala saa nyingi karibu na tundu lile, na kwa mtoto anayelala kiti cha nyuma, swali hilo ni la lazima. Kwa sababu hiyohiyo, usisafiri na mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba kwa sababu mizigo imezidi.

Tundu hilo pia ndilo mlango wa vumbi. Wewe unayetoka kwenye mwamba umekwisha kula vumbi zamu nzima. Mapafu yako hayahitaji vumbi jingine njiani kurudi nyumbani. Na masikio ni vilevile. Kipimo kinachofuatwa na wengi katika afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Mashine ya kutoboa mwamba inapita desibeli 100. Gari lililofungwa vioo kwa kawaida halifiki huko, lakini sikio lililopigwa kazini linahitaji kimya lipumzike. Na shofere aliyechoshwa na mluzi saa nne mfululizo, ambaye hasikii honi ya nyuma wala tairi linaloanza kupasuka, ni hatari kwa wote aliowabeba.

Tuliporudi, fundi wa Butembo akanyoosha pembe ya mlango, akaweka mipira mipya miwili, akakaza bawaba. Kazi ya asubuhi moja. Safari iliyofuata tulipita Kabasha wakati wa jua kali, na shuka la machela, ambalo siku zote lilifika jekundu, likafika jeupe. Nililionyesha kwa shofere. Akalitazama muda mrefu, akasema: "Kumbe!"

Sasa nitoe maoni yangu wazi. Kwenye karatasi ya ukaguzi wa gari tunaandika breki, mafuta, matairi na taa. Mipira ya milango haimo, kana kwamba ni pambo. Mimi naomba iandikwe, kwa ambulansi kwanza, kisha kwa magari yanayobeba wafanyakazi. Kipimo ni rahisi: gari likiwa kwenye lami, vioo vimefungwa, ukilazimika kupiga kelele ili jirani yako akusikie, gari hilo lirudi garaji. Na wewe shofere, usione haya kuandika "kuna mluzi" kwenye ripoti yako. Aliyezoea gari ndiye wa kwanza kujua linaumwa.

Jihadharini pia na tiba mbaya. Msijaze gundi wala sponji kila mahali. Matundu madogo yaliyo chini ya mlango yamewekwa na waliotengeneza gari ili maji yatoke. Mkiyaziba, mlango unaoza kwa ndani. Zibeni tundu lililoonekana, siyo kila tundu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari ni mwema kuliko wa nyumba, kwa maana wenyewe unapiga mluzi kukuita. Safari ijayo, kabla ya kunyoosha mkono kwenye redio, nyamaza dakika moja usikilize.