Injekteri Ndogo, Presio Kubwa



Wengi wanatoa motere ya zamani ya karbirateri na kuweka motere ya injekteri. Ni kazi nzuri, lakini muanze na hesabu, hapana na ufunguo.

Kwanza mujue nguvu ya motere. Ile ya esansi, ya silindri 4 na nguvu ya farasi 150, inaomba kila injekteri iweze kutoa karibu santimetri kibu 250 kwa dakika.

Injekteri ikiwa ndogo, mutu anasema: «Tupandishe presio!» Angalieni. Injekteri yenye kutoa 200 kwa presio ya bari 3, ukiipandisha mpaka bari 4, itatoa karibu 230 tu. Na pompe yenyewe, presio ikipanda, inasukuma esansi kidogo kuliko mbele. Hivi gari ikipanda mulima na muzigo, motere inakosa esansi, inachemuka, pistoni inatoboka. Feza ya jamaa imekwisha.

Kubwa kupita kiasi nayo si dawa: kama kalkilateri haikupangwa upya, esansi inamwagika bure.

Tena, pompe ya karbirateri haifiki hata bari 1. Mutafute pompe ya injekteri pamoja na tiyo zake. Tiyo ya zamani ikipasuka juu ya motere yenye moto, gari inaungua na watu ndani.

Basi wazazi, mbele ya kulipa fundi, mumuulize: nguvu ngapi, injekteri ya ngapi, presio ngapi? Akikosa jibu, mungoje kwanza.