Kiwanda Ndani ya Nyumba

Siku hizi ukialikwa katika baadhi ya nyumba mpya za Nyali, au za Kilimani kule Nairobi, waweza kudhani umefika kabla mafundi hawajamaliza kazi. Ukuta ni matofali matupu, au ni simiti isiyopakwa rangi. Juu ya kichwa chako yapita mabomba na nyaya zisizofichwa. Madirisha yana fremu nyeusi za chuma, viti ni vya bati, na taa ni globu tupu iliyoning'inizwa kwa waya mrefu. Usimwonee huruma mwenye nyumba. Nyumba yake imekwisha, na huenda imemgharimu zaidi kuliko ile ya jirani iliyopigwa lipu na kupakwa rangi. Huo ndio mtindo wa kiwanda, uliotoka Marekani na Ulaya, na ambao sasa umeshuka kwetu Pwani katika mikahawa na katika nyumba za kukodisha wageni. Na, jambo linalonifanya nishike kalamu leo, umeanza kuingia katika nyumba kongwe za mawe za miji yetu.

Sina ugomvi na kijana anayetaka kuipamba nyumba yake apendavyo. Fedha ni zake na macho ni yake. Lakini kila mtindo una asili yake, na una nchi na hali ya hewa iliyouzaa. Mwenye kuuiga bila kuijua asili hiyo aweza kuharibu mali ambayo hataipata tena.

Asili ya mtindo huu ni mtaa uitwao SoHo, kusini ya barabara ya Houston katika kisiwa cha Manhattan, mjini New York. Katika karne ya 19 yalijengwa huko majengo ya viwanda na maghala yenye nyuso za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kila umbo lilikuwa na kazi yake. Madirisha yalikuwa makubwa kwa sababu watu walihitaji mwangaza wa jua, kwani taa za umeme zilikuwa hazijaenea. Sakafu ilikuwa pana isiyo na kuta za kuigawa, ili mashine na marobota yapate nafasi. Bomba liliachwa nje ya ukuta ili fundi alifikie likiharibika. Haya yote yalifanywa kwa ajili ya kazi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanda vile vikaanza kuhama na kufungwa. Moto ulikuwa ukizuka mara kwa mara katika majengo yale, hata wazima moto wakaupa mtaa jina la Eka Mia za Jahanamu. Wachoraji na wachongaji wasiokuwa na kitu wakaona hapa pana nafasi na kodi nafuu, wakahamia, ingawa sheria haikuruhusu watu kulala humo. Mwaka 1961 wakuu wa mji walikubali baadhi yao wakae, kwa sharti kuwekwe nje ya jengo kibao chenye herufi A.I.R., ili moto ukitokea ijulikane kuwa ndani mna watu. Mwaka 1968 mchongaji Donald Judd alinunua jengo zima la ghorofa tano katika barabara ya Spring, lililojengwa mwaka 1870, akaziacha sakafu zake wazi kama alivyozikuta. Mwaka 1971 sheria ilibadilishwa, wasanii waliothibitishwa wakaruhusiwa kuishi SoHo kwa halali.

Wengi wa watu wale waliishi na ukuta mtupu kwa sababu ndivyo walivyoukuta, na fedha za kuubadilisha hawakuwa nazo. Lakini matajiri walipoona picha za makao yale katika magazeti, walitamani nao kukaa hivyo. Mwanachuoni Sharon Zukin alitoa kitabu mwaka 1982, kiitwacho Loft Living, akaeleza jinsi maisha ya wasanii wale yalivyogeuka bidhaa ya kuuzwa na wenye majengo. Kodi zikapanda, na wasanii wengi wakashindwa kuzilipa. Basi mfanyakazi alikuwa ameondoka mbele, na msanii naye akamfuata. Leo mtu hununua bomba lisilopitisha maji, akalipachika ukutani, kwa kukumbuka kazi ambayo yeye wala babake hakuifanya.

Sisi Waswahili neno kiwanda tunalo nyumbani tangu zamani. Mtu wa Amu akitaja kiwanda katika habari za nyumba, hakusudii mashine. Akusudia ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu, unaoingiza mwanga na hewa vyumbani, pahali ambapo wenye nyumba hufanya kazi zao bila kuonekana na mpita njia. Mgeni hukaribishwa kwanza dakani, penye viti vya mawe. Akivuka daka hukuta tekani, na njia imepindishwa ili jicho lisipenye moja kwa moja hadi ndani. Nyuma ya kiwanda ndipo huanza misana, na nyuma ya misana ni ndani, chumba cha mwenye nyumba na ahali yake. Waliozijenga nyumba hizi walikuwa ni watu waliosoma katika Sura ya Nur adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia, na adabu ile wakaijenga kwa mawe.

Mtindo wa kiwanda wa New York wataka kinyume chake. Wataka ukuta wa kugawa uvunjwe, jiko lionekane sebuleni, na kitanda kikibidi kionekane jikoni. Kwa mchongaji aliyehitaji nafasi ya kazi yake, si vibaya. Kwa nyumba yenye wazee, wasichana, na wageni wasiokwisha, yafaa mtu afikiri mara mbili kabla ya kuita fundi mwenye nyundo.

Lakini nyundo inayonitisha zaidi ni ile ya kubambua lipu. Nimeingia katika nyumba za kale ambazo wenye kuzitengeneza, wengine wenyeji na wengine wageni walionunua, wameukwangua ukuta mpaka mawe ya matumbawe yakatokeza, ili nao wapate ukuta mtupu kama wa SoHo. Mgeni husimama akastaajabu, akapiga picha. Mimi huona mtu aliyevuliwa kanzu.

Tofali la kiwandani limechomwa katika tanuri, uso wake ukawa mgumu. Jiwe letu si hivyo. Tumbawe ni jiwe la chokaa lililojaa vitundu, na katika kuta zetu mawe hayo yameshikanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Mvua na upepo wa chumvi vikilifikia jiwe, na hasa udongo ule ulio kati ya mawe, huanza kuliwa kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliuvika ukuta lipu ya chokaa. Chokaa ile hutokana na mawe hayo hayo, yakachomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji, kisha yakaachwa muda mrefu yakomae kabla ya kutumiwa. Ikipakwa ukutani hurudi kuwa jiwe polepole, lakini jiwe linalopumua. Unyevu uliomo ukutani hupata njia ya kutoka.

Wengine, wakiona ukuta ule mtupu umeanza kumwaga vumbi, hukimbilia simiti. Hapo huongeza balaa juu ya balaa. Simiti ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyomo ukutani hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka huwa vijiwe vinavyolipasua tumbawe kutoka ndani. Baada ya miaka michache simiti hubambuka, nayo hung'oka pamoja na uso wa jiwe.

Tena lipu yetu haikuwa nguo ya kazi tu. Zile zidaka za Amu, zilizopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa ndani, nakshi zake zimechongwa katika lipu ya chokaa. Mwenye kubambua lipu kwa kutafuta urembo wa mawe abambua urembo wenyewe. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO, na nyumba hizi ni sehemu ya sababu yake. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee.

Na hata katika nyumba mpya za simiti, hebu tulipime jambo hili kwa hali ya hewa yetu. Dirisha kubwa la kioo lilimfaa mshonaji wa New York wakati wa baridi. Mombasa, likielekea jua la alasiri, hugeuza sebule tanuri. Globu ya uzi unaong'aa, kama ni ya asili, hugeuza joto zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoula, na hapa kwetu nani amelalamika kwa uhaba wa joto? Kile kiti cha bati kinachoigwa kila pahali kilitoka Ufaransa, kwa Xavier Pauchard wa mji wa Autun, katika miaka ya 1930. Yeye alikuwa hodari wa kupaka chuma zinki kisishike kutu, naye alijua anachokifanya. Viigizo vyake vilivyopakwa rangi tupu, ukiviweka rosheni penye upepo wa bahari, vitakuonyesha kutu kabla hujamaliza kuvilipia.

Je, hakuna jema tuwezalo kujifunza? Lipo, nalo ni kubwa. Watu wale wa SoHo walikaa katika majengo yaliyokwisha kujengwa, wala hawakuyabomoa. Sisi kuta za viwanda vilivyokufa tunazo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na cha korosho cha Kilifi kikaanguka katika miaka ya 1990. Watu wa huko hawaiti hayo mapambo. Kwao ni mishahara iliyokatika na watoto waliotoka skuli. Mwenye kupenda sura ya kiwanda hana budi akumbuke kwamba kila kiwanda kilichonyamaza kina watu wake.

Na jambo la kuacha kiungo cha nyumba kionekane, hilo hatukungoja kufundishwa. Tazama juu katika nyumba ya kale utaona boriti za mikoko zimepangwa waziwazi, hazikufichwa kwa ubao wala karatasi. Boriti ikianza kuoza yaonekana, nayo hubadilishwa. Urefu wake ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Fundi alijua kipi kiachwe wazi na kipi kivikwe.

Basi kijana wangu uliyerithi nyumba ya mawe Mji wa Kale, au wewe uliyeinunua kwa jasho lako, ukipenda viti vya chuma nunua, na taa ya waya mrefu tundika. Vitu hivyo huingia na hutoka. Lakini ukuta usiukwangue. Fedha ulizoweka za kuuvua mpe fundi wa chokaa, maana mafundi hao wamekuwa wachache na wengi ni wazee. Mwambie aje na kijana wa kumfundisha, na umlipe yule kijana pia.