Kiwanda cha Ndege si Duka la Msimu

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba habari za viwanda vya ndege haziwahusu watu wa visiwani, na kwamba sisi yatutosha kujua nauli na saa ya safari. Fikra hiyo si sahihi. Uchumi wa Unguja na Pemba umeegemea utalii, na walio wengi katika wageni wetu hufika kwa ndege. Mwaka 2023 peke yake waliingia wageni zaidi ya 600,000. Kwa hiyo uamuzi unaopitishwa Toulouse huko Ufaransa, au Seattle huko Marekani, haukomi huko. Mwisho wake humfikia mvuvi wa Nungwi anayeuza samaki wake hotelini, na mama wa Paje anayelima mwani na kusuka ukili. Yatupasa basi tuyatazame mambo ya viwanda hivyo kwa makini, na tujifunze yanayofaa kujifunza.

Mwaka 1970 Ufaransa na Ujerumani Magharibi ziliunganisha viwanda vyao na kuunda Airbus. Wakati huo Wamarekani ndio waliokuwa mabwana wa soko la ndege kubwa za abiria. Ndege ya kwanza ya muungano huo, A300, iliruka tarehe 28 Oktoba 1972, lakini wanunuzi hawakuikimbilia. Katikati ya miaka hiyo ya sabini ulipita muda wa zaidi ya mwaka mzima bila ya kupatikana oda mpya hata moja. Lau kiwanda kile kingekuwa mali ya watu wanaohesabu faida kila baada ya miezi mitatu, bila shaka kingefungwa. Hakikufungwa, kwa kuwa serikali zilizokiunda zilijua kwamba ndege moja huchukua miaka mingi tangu kuchorwa mpaka kurudisha gharama zake. Mwaka 1978 shirika la Eastern la Marekani, baada ya kuzijaribu ndege hizo, liliagiza 23. Mwaka 1987 ikaruka A320, ambayo amri za rubani hupitia kwenye kompyuta kabla ya kuyafikia mabawa na mkia. Hiyo ndiyo ndege iliyouinua muungano ule ukawa mshindani wa kweli.

Boeing ilianza mwaka 1916, na kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa sifa ya wahandisi wake. Mwaka 1997 iliungana na McDonnell Douglas. Mwaka 2001 makao makuu yakahamishwa kutoka Seattle kwenda Chicago, mbali na karakana na mafundi. Kati ya mwaka 2013 na 2019 kampuni hiyo ilitumia zaidi ya dola bilioni 40 kununua tena hisa zake yenyewe, ili thamani ya hisa ipande na wenye hisa waridhike. Ilipofika mwaka 2011, badala ya kubuni ndege mpya ya kushindana na A320, iliamua kufunga injini mpya kubwa katika ndege ya 737, ambayo umbo lake lilikuwa likiruka tangu mwaka 1967.

Injini hizo zilibadilisha mwendo wa ndege angani. Ili kurekebisha tabia hiyo, ukatiwa mtambo wa kompyuta wenye uwezo wa kuinamisha pua ya ndege bila ya rubani kuuamrisha, nao ulitegemea taarifa ya kipimo kimoja tu. Marubani hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao vya kuendeshea ndege. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka katika bahari ya Indonesia na kuua watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na kuua watu 157, na kati yao 32 walikuwa ndugu zetu wa Kenya. Ndege za aina hiyo zikazuiwa kuruka dunia nzima, na Marekani haikuziruhusu tena mpaka Novemba 2020.

Hesabu za soko zinaeleza yaliyofuata. Mwaka 2019 Airbus ilikabidhi kwa wanunuzi ndege 863, na Boeing 380. Mwaka 2024 Airbus ilikabidhi 766, na Boeing 348. Fedha iliyodhaniwa kuokolewa kwa njia ya mkato ilipotea mara nyingi zaidi katika fidia, faini na kusimama kwa kazi. Roho za watu ndizo zisizolipika. Usalama wa abiria ni amana, na atakayeila amana kwa ajili ya faida ya msimu, huhasirika yeye na wanaomtegemea.

Tusije tukaeleweka kwamba tunawasifu Airbus kama watu wasiokosea. Walitengeneza A380, ndege kubwa kupita zote za abiria, yenye injini nne. Iliruka mwaka 2005, na mwaka 2021 ikakabidhiwa ya mwisho, baada ya kutengenezwa 251 tu za wanunuzi, kwa sababu mashirika yalizipendelea ndege za injini mbili zinazotumia mafuta kidogo. Subira peke yake haitoshi. Subira lazima ifuatane na kulitazama soko linakoelekea, na leo linaelekea penye mafuta machache na moshi mchache.

Hapa ndipo penye jambo linalotugusa moja kwa moja. Mwezi wa Oktoba 2022 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zilikubaliana kuwa na lengo la kufuta hewa ukaa inayotokana na safari za ndege za kimataifa ifikapo mwaka 2050. Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi, ukatunga sheria. Tangu mwaka 2025 mafuta yanayotiwa ndege katika viwanja vyake sharti yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu, yaani yasiyochimbwa ardhini, na asilimia hiyo itapanda hadi 70 mwaka 2050. Mafuta hayo, ambayo mengi hutengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mabaki ya wanyama, ni ghali kuliko ya kawaida. Mgeni atokaye Roma au Frankfurt ataulipa ughali huo katika tiketi yake, naye atauliza kama safari ya mbali inamstahiki. Sisi tunaoishi kandoni mwa bahari inayopanda hatuwezi kulalamikia lengo lenyewe, lakini hatuna budi kujiandaa kwa gharama yake.

Aidha, tumekwisha onja machungu ya kutegemea mitambo ya wengine. Mwaka 2022 Shirika letu la Ndege la Tanzania lililazimika kuzisimamisha baadhi ya ndege zake za A220, si kwa kukosa abiria, bali kwa hitilafu za injini zilizotoka kiwandani. Injini hizo zilibuniwa ili kupunguza matumizi ya mafuta, na kweli zinapunguza, lakini zilichakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, na foleni ya kuzitengeneza ikawa ndefu duniani kote. Wazee wetu wanakumbuka jambo lililofanana na hilo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, karakana kubwa zilikuwa Nairobi, na Tanzania ikaanza upya. Chombo ni cha mwenye kukijua, na asiyejua kukitia kalafati hukaa pwani akimngoja fundi wa kukodi.

Watu wa Brazil walilitambua hilo mapema. Kabla ya kuwa na kiwanda walikuwa na chuo: chuo chao cha uhandisi wa anga kilianzishwa mwaka 1950, na kampuni ya Embraer ikafuata mwaka 1969. Leo ndege zao zinaruka katika mabara yote. Hatusemi kwamba Zanzibar itatengeneza ndege kesho. Tunasema kwamba nchi iliyokuwa ikiuza kahawa ilianza na darasa, ikangoja miaka kumi na tisa, na haikuona aibu kungoja.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu mambo matatu. La kwanza, vijana wa skuli zetu wenye vipaji vya hesabu na fizikia wapewe nafasi na fedha za kusomea ufundi wa ndege, na wakirudi wakute kazi iliyopangwa. La pili, kila mkataba wa kununua au kukodi ndege upimwe kwa miaka ishirini, si kwa bei ya siku ya kutia saini. Uulizwe injini za akiba ziko wapi, nani atatengeneza, na mtengenezaji atalipa nini ndege ikilala chini. La tatu, uanzishwe utaratibu wa kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia katika mahoteli yetu, ili yawe mali badala ya kumwagwa ardhini na baharini. Ama wakija watu kutaka mashamba makubwa ya kulima mafuta ya ndege, tukumbuke ya Kisarawe, ambako mradi wa mbono ulisambaratika mwaka 2011 na wanavijiji wakabaki bila ardhi na bila ajira. Ardhi ya visiwa hivi ni ndogo, nayo kwanza ni ya muhogo na mpunga.

Hayo hayatatimia katika bajeti moja, wala katika kipindi kimoja cha uongozi. Huenda wanaoyaanza wasiwe ndio watakaoyakata utepe. Lakini Chama na Serikali zinazowajibika kwa wananchi zina faida moja ambayo kampuni ya hisa haina: zinaweza kuhesabu kwa vizazi. Faida hiyo itumike sasa, wakati wageni bado wanakuja na fedha ya kuwasomeshea vijana bado ipo.