Kabla ya Kuzima Spika za Matanga

GUMZO LA NZOIA
Na Naliaka Wafula

Onyesho bora la muziki wa kielektroniki nililowahi kuhudhuria halikuwa na tiketi wala jukwaa. Lilifanyika Bokoli, si mbali na soko, nyuma ya nyumba ya mabati iliyokuwa na maiti sebuleni, chini ya turubai lililofungwa kwenye mikaratusi. Jenereta ilikuwa imepelekwa mbali migombani ili mngurumo wake usishindane na spika. Deejay alikuwa kijana mwembamba mwenye kompyuta moja ya mapajani na mikisa iliyokosa vifundo viwili, na kila alipotaka kuongeza besi ilimbidi asokote chuma kitupu kwa ncha za vidole.

Hadi saa nne usiku alipiga yanayopigwa kila mahali: gengetone, Bongo Fleva, amapiano. Vijana walicheza huku nusu yao wakitazama simu. Kisha akina mama waliokuwa wakipika wakatoka kuota moto, naye akawaona. Akashusha kasi, akaweka wimbo wa litungu, kinubi chetu Wabukusu, uliorekodiwa kwa ngoma za kinanda cha umeme, na mabega yakaanza. Asiyeijua kamabeka, ngoma yetu ya mabega, huitafuta kiunoni akaikosa; iko juu, kati ya shingo na viwiko, nayo huanza polepole kabla ya kushika mwili mzima. Deejay hakuuacha wimbo uishe. Alikamata kipande kimoja cha nyuzi akakirudia, akakirudia tena, akaondoa ngoma, akawaacha mama zetu washike mdundo kwa miguu yao wenyewe, kisha akairudisha ngoma kwa kishindo kilichomwagisha mzee mmoja wa kamati ya mazishi chai yake. Nimelipa pesa nzuri Nairobi, na nyingine ng'ambo ya Malaba, kuwatazama watu wenye majina wakijaribu jambo hilo hilo. Wengi hawakulifikia.

Mhariri ametuomba waandishi wa safu tutaje albamu za kielektroniki tunazozipenda. Nitazitaja. Lakini ijulikane mapema kwamba orodha yangu inanikera, kwa kuwa ndani yake mna Gulu, mna Dar es Salaam, mna Nairobi, na Bungoma haimo. Sidhani tumekosa vipaji, na mashine tunazo.

Ya kwanza ni Gulu City Anthems ya Otim Alpha, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Otim Alpha ni Mwacholi, mwimbaji wa harusi. Larakaraka, ngoma ya uchumba na harusi ya watu wake, huhitaji kundi zima: waimbaji, wachezaji, na watu wa kuchapa vibuyu kwa spoku za baiskeli. Kundi hilo hulishwa na kulipwa. Vita vya kaskazini mwa Uganda viliwasukuma watu kambini na kuwaacha mifuko mitupu, lakini hakuna vita vilivyowahi kuzuia vijana kuoana. Otim Alpha na produsa Leo Palayeng wakaiingiza larakaraka ndani ya kompyuta. Vibuyu vikawa milio ya programu, na kundi la watu wengi likawa mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Kasi ikabaki ya harusini, na kasi ya harusi ya Kiacholi si ya mchezo. Kinachonivutia ni kwamba hawakukaa chini kubuni "muziki wa kisasa". Walikuwa na harusi Jumamosi na bajeti ndogo.

Mbukusu anayeisikiliza albamu hiyo kwa spika nzuri hupatwa na wivu. Mimi ulinipata.

Ya pili ni Sounds of Sisso, ya mwaka huo huo na lebo hiyo hiyo. Huu ni mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Singeli hukimbia mipigo 200 kwa dakika na kupita. Muziki wa hausi wa kawaida hutembea kwenye 120 na kidogo. Ndani yake utasikia vijisehemu vya taarab na mchiriku vikizungushwa mpaka visahau vilikotoka, huku mwimbaji akimwaga maneno bila kuvuta pumzi. Mara ya kwanza nilidhani simu yangu imeharibika. Poaa ya Bamba Pana na Tatizo Pesa ya Jay Mitta, zote za 2018, ni ndugu zake, na siku nikiwa na kazi nyingi za nyumbani hiyo ya Jay Mitta hunimalizia vyombo nusu ya muda.

Singeli haikuzaliwa kwenye klabu yenye kiyoyozi. Ilikulia kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za uswahilini zinazofunga barabara ya mtaa na kukesha. Nazo zililaaniwa: kelele, ulevi, watoto kutolala, mabinti kuharibika. Ungedhani maneno yamenakiliwa kutoka baraza la chifu wa kwetu. Leo muziki ule ule hupigwa kwenye mikutano ya kampeni Tanzania, Msaga Sumu anaitwa mfalme wake, na vijana wa Mburahati wamepanda majukwaa ya Ulaya na kompyuta zao zenye nyufa.

Just A Band wa Nairobi siwezi kuwaruka, maana albamu yao 82 ya mwaka 2009 ndiyo iliyotoa wimbo Ha-He, na video yake ya 2010 ndiyo iliyotuletea shujaa Makmende. Wengi wanamkumbuka Makmende na kuusahau muziki. Hiyo ni dhuluma ndogo, tuendelee.

KMRU ni habari nyingine kabisa. Ni Mkenya aitwaye Joseph Kamaru, mjukuu na wajina wa Joseph Kamaru yule wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Peel, ya 2020, haina ngoma hata moja. Ni sauti zinazotanda taratibu, nyingine zikiwa zimenaswa mitaani na vichakani. Isikilize kwa vipokea sauti vya masikioni umeme ukipotea, si kwenye matatu ya kwenda Kitale. Baadaye, mwaka 2022, alitoa Temporary Stored, aliyoitengeneza kutokana na sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Babu aliimba, wazungu wakanasa sauti za wengine wakaziweka kabatini, mjukuu akaenda kuzifungua kwa kompyuta. Sijapata kuona mtu akitumia mashine kwa adabu namna hiyo.

Nina albamu moja zaidi ambayo huisikiliza nikiwa nimekunja uso: The Kenya Sessions ya mwaka 2011. Aliyeitengeneza ni Sven Kacirek, mpiga ngoma kutoka Hamburg, aliyezunguka nchi yetu na vinasa sauti kisha akaenda kujenga muziki wake juu ya sauti za wanamuziki wetu. Ni kazi nzuri na ya heshima. Ninachokunjia uso ni nauli ya ndege: alitoka Hamburg, na sisi tulikuwa hapa.

Na kwa nini sisi hatukuifanya? Kwa sababu mahali pekee ambapo deejay wa kijijini hukutana na mama wa kamabeka, akiwa na spika kubwa na usiku mzima wa kujaribu, ni matangani. Na disko matanga imepigwa marufuku. Wakuu wa utawala wa Magharibi na Nyanza wameipiga marufuku mara nyingi kiasi kwamba tangazo lenyewe limekuwa kama wimbo wa kurudiwa.

Sitajifanya sijui sababu. Mimi ni mwanamke na nililelewa huku. Disko matanga ilianza kama njia ya kuchangia mazishi: muziki unasimamishwa, mwenye pesa ananunua wimbo, ananunua haki ya kucheza na fulani, mwingine anaongeza dau ili fulani huyo aketi. Pesa inaingia kwenye beseni, jeneza linalipwa. Lakini aliyekuwa akipigiwa mnada mara nyingi alikuwa msichana wa darasa la nane, na giza la migombani halikuwa na kamati. Wasichana waliacha shule. Chifu anayezima spika saa sita usiku kwa sababu hiyo simlaumu, nitamshikia hata tochi.

Ninacholaumu ni uvivu wa kudhani ukishazima umemaliza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi mbili zilizokaa karibu karibu: kudhibiti kelele na kero za umma, na kusimamia utamaduni na burudani za umma. Kazi ya kwanza tunaiona ikifanywa, askari wakija na lori kuchukua spika. Ya pili tunaiona siku ya wageni wakubwa, kikundi cha ngoma kikipewa dakika chache mbele ya hema la waheshimiwa. Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi ulikarabatiwa, ukapokea sherehe za Madaraka mwaka 2024, na spika zilisikika vizuri sana siku hiyo. Nani amewahi kuwaita maDJ wa Bokoli, Misikhu na Chwele pale Jumamosi mchana, watoto wakiwa na mama zao na jua likiwa juu?

Jirani zetu wameshapita njia hii wakigombana. Tamasha la Nyege Nyege, linalofanyika upande wa Jinja, lilipigwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018, kisha likaruhusiwa. Mwaka 2022 Bunge la Uganda likalikataa tena, na Waziri Mkuu akaliruhusu kwa masharti. Masharti ndilo neno ninalolitafuta kwetu na silipati. Kutoka Bungoma, Jinja ni karibu kuliko Nairobi. Unavuka Malaba kwa kitambulisho tu. Kwenye tamasha hilo nimeona umati wa watu wa nchi nyingi ukirukia midundo ya harusi za vijijini, saa tisa usiku, mvua ikinyesha, nami nikajikuta namtafuta mtu wa kumweleza kwamba kwetu kuna mabega.

Kwa vijana wenye programu ya muziki ya FL Studio kwenye kompyuta zao nina maombi machache. Sioyaye muiache. Wimbo wa kumrudisha mtahiriwa kutoka mtoni una siku yake, Agosti ya miaka shufwa, na una wenyewe. Si kila kinachonaswa ni cha kurudiwa kwa mdundo. Litungu, kwa upande mwingine, lilikuwa la sherehe tangu zamani na litawavumilia.

Ila kuna kosa ninalolisikia kwenye nyimbo nyingi zinazouzwa kwenye memori kadi pale sokoni. Mzee hulisawazisha litungu lake kulingana na koo lake, si kulingana na kinanda cha Yamaha, na produsa akiona haviafikiani humlazimisha mzee afuate kinanda, au huikwangua sauti yake kwa programu mpaka anaimba kama simu ya huduma kwa wateja. Fanyeni kinyume. Sauti ya mashine hupanda na kushuka kwa kugeuza kifundo kimoja, kidogo kidogo. Mwacheni mzee apige, tafuteni pale alipo, mkishampata ndipo mweke ngoma. Wapigaji wa litungu bado wapo, na wengi watakuja kwa nauli ya boda boda na chai, ingawa mkitoa albamu nataka kuona majina yao mbele, na mgao wao ukiwa umeandikwa kabla ya nyimbo kwenda popote.