Kichocho: Dawa Pekee Haitoshi

Kuanzia mwaka 2012 visiwa vya Unguja na Pemba vilifanyiwa utafiti mkubwa wa kichocho. Wananchi waligawiwa vidonge mara mbili kwa mwaka. Katika baadhi ya shehia konokono wa mitoni na madimbwini waliuawa kwa dawa, na katika nyingine wanafunzi walifundishwa kujihadhari na maji hayo. Mwaka 2019 Dkt. Stefanie Knopp, wa Basel, Uswisi, na wenzake walitoa matokeo: maradhi yalipungua, lakini hayakutokomezwa.

Funzo ni dhahiri. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo. Hivyo ni wajibu wa kila mwananchi kutokojoa mtoni na kumeza dawa. Lakini kumkataza mtoto kuoga mtoni ilhali bomba la kijiji ni kavu ni kumwonea. Wahusika walete maji.