Januari 16: Mzee Kabila alitaka Congo ijilishe, tumefikia wapi?

Kila tarehe 16 Januari ni siku ya mapumziko RDC kwa kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa Kinshasa mwaka 2001. Viongozi wanaweka maua kwenye kaburi lake mbele ya Palais de la Nation. Kazi aliyoanzisha juu ya umaskini inazungumziwa kidogo kuliko kifo chake.

Alipochukua madaraka Mei 1997, Mzee alikuta feza ya Zaïre imepoteza maana. Tarehe 30 Juni 1998 serkali yake ilitoa franka ya Congo: franka moja kwa zaïre mpya 100.000. Mwaka 1997 alikuwa ameunda Service national, ili vijana wajifunze ufundi na kulima. Mashamba yake ya mahindi ya Kaniama-Kasese, katika Haut-Lomami, yanajulikana hadi leo. Kulikuwa pia cantines populaires, ambapo raia alipata chakula kwa bei ya chini. Wazo lilikuwa moja: Mkongomani ajitegemee.

Wazo hilo halikupata nafasi. Tarehe 2 Agosti 1998, mwezi mmoja tu baada ya franka kutoka, vita ya pili ilianzia huku mashariki. Serkali ilichapisha feza kwa kulipia vita, na mwaka 2000 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500. Kuna makosa ambayo vita peke yake haiwezi kubeba: kukataza biashara kwa dola mwaka 1999, kisha kuachia kampuni moja ununuzi wa almasi yote mwaka 2000. Almasi nyingi zikavuka mpaka kwa magendo.

Kwa wakaaji wa Kivu, kumbukumbu hii ina uchungu wake. AFDL iliingia pamoja na askari wa Rwanda na Uganda, na ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaeleza mauaji ya raia na wakimbizi ya miaka 1996 na 1997. Kuheshimu mipango ya Mzee hakufuti hayo.

Leo, kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2024, Wakongomani zaidi ya 7 kwa 10 wanaishi chini ya dola 2,15 kwa siku. Service national imefufuliwa, na vijana wa kuluna wa Kinshasa wanapelekwa Kaniama-Kasese kulima. Lakini mkulima wa Masisi au Rutshuru aliyekimbia shamba lake hahitaji kufundishwa kulima. Anahitaji usalama wa kurudi, na njia ya kufikisha maharagi na viazi sokoni.

Mwaka 2003, huko Maputo, inchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Bajeti inapofika bungeni, wabunge wetu waulizwe namba hiyo kabla ya kwenda kuweka maua.