Rubani wa Ndege Ndogo na Hali ya Hewa



Ndege ndogo ya injini moja ipitapo juu ya vijiji vyetu, watoto huishangilia, na vijana wengi husema moyoni: laiti ningalikuwa mimi! Juma hili twataka kuitazama kazi ya mtu yule aiongozaye. Ndege kubwa hupanda juu ya mawingu mengi, tena ina marubani wawili. Yeye wa ndege ndogo hupita katikati ya mvua, upepo na ukungu, na mara nyingi yu peke yake.

Katika nchi zetu za milima, hewa hutulia asubuhi. Jua likipanda, ardhi hupata moto, hewa yenye mvuke hupaa, mawingu hukua kama minara, na alasiri radi hupiga. Ndani ya wingu la namna hiyo pepo hupanda na kushuka kwa nguvu iwezayo kuvunja mabawa. Kwa hiyo rubani mwenye akili huondoka mapema, na wingu hilo huliepuka kwa mbali. Joto nalo lina taabu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi vile vile. Uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Ndege iondokayo hapo adhuhuri hukimbia mwendo mrefu kuliko kama ingeondoka pwani, ndipo ipae.

Tena kuna barafu, hata penye joto. Petroli igeukapo kuwa mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto. Siku ya digrii 20 yenye unyevu mwingi, barafu yaweza kuziba njia ya hewa na kuizima injini. Ndiyo maana ndege nyingi za namna hiyo zina kishikio cha kuingiza hewa ya moto.

Lakini hatari iliyo kubwa ni kuingia katika wingu bila kujua kuongoza kwa kutazama mitambo tu. Mtu hujua kwamba amesimama wima kwa msaada wa macho na wa kiungo kidogo kilicho ndani ya sikio. Macho yakikosa kuona ardhi, sikio humdanganya: ndege yainama kidogo kidogo, naye adhani yaenda sawasawa. Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasiofundishwa jambo hilo. Wote walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178, yaani pasipo kutimia dakika 3. Kisha wakafundishwa jinsi ya kugeuka polepole na kurudi walikotoka, nao karibu wote wakafaulu.

Mtu asidhani kwamba rubani anayerudi ni mwoga. Tumtaje mmoja ambaye hakuna awezaye kumwita mwoga: Beryl Markham, mwanamke Mwingereza aliyekulia Njoro, nchini Kenya. Alijifunza kuruka mwaka 1931, akachukua barua na abiria juu ya nyika za Afrika ya Mashariki. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akielekea New York. Usiku kucha alipigana na mvua, mawingu na upepo wa kutoka magharibi uliomkabili usoni. Katika giza lile hakuwa na kitu cha kumwongoza ila mitambo yake, naye alikuwa amejifunza kuitumaini. Baada ya saa zipatazo 21 injini yake ilikosa petroli, akashuka katika tope la kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ilizama, naye akatoka na jeraha kichwani. New York hakufika. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Amerika bila kutua njiani.

Juu ya bahari ile, usiku, hakuwa na uwanja wa karibu wa kukimbilia. Marubani wengi wa ndege ndogo wanao, lakini hawarudi. Kwa nini? Abiria wanamhimiza rubani, jamaa wanamngoja uwanjani, safari imekwisha kulipiwa, naye aona haya kusema: nimeshindwa. Basi ajipa moyo kwamba wingu lile litafunguka mbele kidogo, na ile mbele kidogo ndiyo iliyowaua wengi. Wazee wetu walisema: heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Kulala usiku mmoja katika uwanja wa ugenini ni nusu ya shari.

Enyi vijana mtamanio kuruka, jifunzeni hesabu na elimu ya hewa, maana vitawafaa sana. Nanyi wazazi na abiria, siku rubani atakapowaambia, "Leo haturuki," msimnung'unikie. Mpeni mkono, mkangoje pamoja naye mpaka kesho asubuhi.